Hana Makuu

Mtaani kwa Mama Tekla, huko Temeke, mtu hakuhitaji kuiba ili aharibikiwe. Ilitosha watu waseme kwamba ana makuu.

Neno lenyewe halikupigiwa kelele. Lilisemwa kwa kidevu na mdomo uliobetuliwa. Mwanamke akipita kwenda bombani amevaa viatu, wenzake walinyamaza mpaka apite, kisha mmoja akasema, "Ana makuu yule," na habari yake ikaishia hapo. Kijana aliyemaliza shule akakataa kubeba magunia bandarini kwa sababu anangoja ukarani, alikuwa na makuu. Fundi cherehani mmoja alitundika kibao chenye jina lake mlangoni pa nyumba ya udongo, naye pia. Wateja wake wakaanza kupeleka vitambaa kwa fundi mwingine, asiye na kibao, ambaye mishono yake ilikuwa ikifumuka kabla ya sikukuu kwisha.

Na aliyekuwa hana makuu, huyo alikuwa amesifiwa sifa iliyopita zote. Akifa mlevi aliyewatesa watoto wake, waombolezaji wakitafuta la kumsemea wakalikosa, hatimaye mzee mmoja hukohoa akasema, "Lakini marehemu hakuwa na makuu." Wote huitikia, naam, kweli, hakuwa nayo, na marehemu huzikwa kwa heshima.

Mama Tekla aliliogopa neno hilo kuliko alivyoiogopa homa. Jina lake alilobatizwa ni Auleria, mke wa Revelian, karani katika ghala la reli. Walitoka Bukoba pamoja, kwa meli ya ziwani na kisha kwa treni, yeye akiwa mwali na Revelian akiwa na sanduku moja la bati. Kwao, alipokuwa darasa la tatu katika shule ya misheni, sista mmoja Mzungu alifika nyumbani kuomba mtoto aendelee na masomo, maana kichwa anacho. Baba mdogo alikuwa ameketi na kibuyu chake cha rubisi, pombe ya ndizi. Hakuinua hata macho. Alisema kwa lugha ya kwao neno lenye maana hiyo hiyo, kwamba mtoto huyu ameanza kutaka makuu, akaendelea kunywa. Wiki ile ile Auleria alipewa jembe. Kibao chake cha kuandikia mama yake alikiona kinafaa, akakifanya kifuniko cha mtungi wa maji.

Auleria hakulia. Alijua tu, tangu siku ile, kwamba mtu mzima akilisema neno lile mlango hufungwa, na anayefungiwa haulizwi.

Alipofika pwani akakuta Waswahili nao wanalo, tena wanalisema vizuri zaidi, aliamua kwamba mtoto wake halitamfika. Alimlea Tekla kama mtu anayebeba mayai njia ya mchanga. Msichana akisema Kiingereza na wenzake uani, mama humkatiza: "Hicho kiache shuleni, hapa tunasema Kiswahili." Alipokuwa wa kwanza katika mtihani wa darasa la nane, mama aliwaambia majirani kwamba amepitapita tu, Mungu amsaidie. Akichoka kumwonya kwa maneno yake mwenyewe, alimwonya kwa ya wahenga: "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

"Na cha darini je, mama?" Tekla aliwahi kumwuliza, akiwa amepiga magoti mbele ya jiko, uso hauna utani.

Mama alimpiga kijiti cha mgongo, si kwa nguvu, lakini usiku hakulala vizuri.

Kwa sababu Tekla alikuwa nayo hayo makuu. Auleria, aliyeona kila kitu, asingekosa kuliona hilo. Binti alitaka kujifunza unesi. Alikwisha kuomba kupitia kwa mwalimu wake, baba akiwa na habari na hakukataa. Ikapita miezi. Hospitali haikujibu, na Auleria alikuwa akipiga ishara ya msalaba kila siku kwa shukrani. Unesi! Kulala mbali na nyumbani, kugusa wanaume wasio ndugu, kuvaa kofia nyeupe na kupita mtaani watu wakinyamaza mpaka upite.

Kisha ikaja posa. Kijana aliitwa Audax, mtu wa kwao, karani wa posta, mkatoliki, asiye na neno mtaani. Ujumbe uliletwa na Revelian kutoka kwa wanaume wenzake. Shangazi wa kijana angefika kumwona binti, wiki ile au ijayo. Siku haitasemwa, wala sura yake hawaijui. Katika ukoo wa Audax ndivyo ilivyofanywa: mwanamke asiyejulikana hufika kama mpita njia, huomba maji ya kunywa, na namna maji yanavyoletwa ndiyo jibu. Binti akipiga magoti, akashika kikombe kwa mikono miwili, asiinue macho, mambo yamekwisha. Baadaye mpita njia huyo hupita kwa jirani akauliza maswali mawili matatu.

Auleria alifanya kazi yake. Alivuka njia akaenda kwa Bi Wahiba, mke wa Hashil mwenye duka, aliyekaa nyuma ya meza ya duka lile tangu kabla mtaa haujapata bomba.

"Bi Wahiba, watu wakija kukuuliza habari za Tekla..."

"Niwaambie kuwa anasoma magazeti ya kufungia sukari mpaka sukari inamwagika?"

"Bi Wahiba, tafadhali."

"Nakutania, shoga yangu. Niseme nini?"

"Sema hana makuu. Hilo tu. Ukiwa umelisema hilo umemaliza."

"Hana makuu," alirudia Bi Wahiba, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Haya. Nitalisema."

Kwa Tekla ilikuwa vigumu zaidi. Alisikiliza habari ya shangazi na maji mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Nitaleta maji, mama. Na magoti nitapiga. Lakini wakiniuliza nataka nini, nitasema."

"Ukilitia neno la unesi mdomoni mbele ya wageni wale, utakuwa umeniua."

"Mama!"

"Utakuwa umeniua, na kaburi langu utalipalilia wewe."

Tekla alitazama chini. Mwishowe akasema atanyamaza. Alisema nitanyamaza kwa ajili yako, na Auleria alichukua ile nitanyamaza akaacha maneno mengine yaanguke.

Wageni walifika Jumamosi mchana, Revelian akiwa ametoka kwenda kuwaona wenzake. Walikuwa wanawake wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima, mnene wa mabega, gauni la kawaida na kitambaa kichwani. Mwingine kijana, amebeba mwavuli.

"Hodi hapa."

"Karibuni."

"Shikamoo, mama," alisema yule kijana.

"Marahaba. Karibuni ndani, jua hili."

"Mimi naitwa Genoveva," alisema yule mkubwa, akijipepea kwa mkono. "Tumekuja kumwona binti. Natumaini habari mnayo."

"Tunayo! Tumewangoja wiki nzima." Kwamba mpita njia amejitaja jina, Auleria hakulijali; mjini desturi hubadilika.

"Ah, vizuri." Genoveva alionekana kufurahi. "Niliogopa kwamba hamkupata taarifa. Basi mama, kabla ya yote, twaomba maji ya kunywa."

Maji! Ndiyo yenyewe.

"Tekla! Maji ya wageni!"

Akiwa anangoja, macho yake yalifanya kazi yaliyoizoea. Aliona viatu vya Genoveva vimechakaa kisiginoni lakini vimepigwa rangi. Aliona kucha zake zimekatwa fupi mno, fupi kuliko za mwanamke yeyote aliyemfahamu. Mikono yake ilinukia sabuni ya dawa. Ni mwanamke msafi, alijiambia. Familia ya watu safi.

Tekla aliingia. Alipiga magoti vizuri, kikombe juu ya kisahani, mikono miwili, kope zimeshuka. Auleria angeweza kulia kwa jinsi alivyofanya vizuri.

"Asante sana, binti. Inuka basi ukae."

Tekla alimwangalia mama yake. Mama hakutikisa kichwa. Tekla akabaki pale pale chini.

"Wewe ndiye Tekla?"

"Ndiye yeye," alijibu Auleria.

"Nasikia umemaliza darasa la nane, tena vizuri."

"Amemaliza. Lakini hakusomea majivuno, mama. Ni kusoma kwa kujua kuandika jina tu."

Genoveva alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Akanywa maji kidogo. Kisha akainama kuelekea kwa msichana, sauti yake imeshuka.

"Na wewe mwenyewe, Tekla. Wewe wataka nini?"

Kule bombani ndoo ziligongana. Tekla alifumbua midomo. Auleria akakohoa.

"Hana makuu huyu," alisema haraka. "Anataka tulitakalo sisi wazazi."

"Kuamka mapema anaweza?"

"Hapa kwetu jogoo akiwika humkuta uani anafagia."

"Na damu? Tekla, ukiona damu nyingi hufadhaiki?"

Hapo Auleria alihisi kitu kama sisimizi akimpanda shingoni. Swali gani hili? Aliitazama tena ile mikono, zile kucha. Lakini maneno yake yalikwisha kutangulia mbele, naye akayafuata, kama mtu aliyeanza kuteremka mlima.

"Kuku hapa huchinjwa na baba yake," alisema, akacheka. Alicheka peke yake.

Yule kijana mwenye mwavuli akauliza kwa upole, "Je, mkubwa wako akikufokea mbele ya watu, nawe unajua kosa si lako, utafanya nini?"

Auleria akashusha pumzi. Swali la mama mkwe hilo! Sisimizi akatoweka.

"Atanyamaza. Huyu hata ukimpiga kofi atakuuliza kama mkono wako umeumia. Nimekwambieni, hana makuu. Hana hata kidogo."

Genoveva akaweka kikombe chini. Maji hayakwisha.

"Mama, usitukasirikie. Tungependa tumsikie yeye."

Macho yote yalimwendea Tekla.  Auleria aliona vidole vya mwanawe vikishika ukingo wa mkeka.

"Kama alivyosema mama," alisema Tekla.

"Haya," alisema Genoveva, akainuka polepole. "Tumemwona. Asanteni kwa maji."

Auleria aliwasindikiza mpaka kizingitini, kisha akasimama nyuma ya pazia. Wageni walivuka njia wakaingia dukani kwa Bi Wahiba, kama ilivyotakiwa. Kupitia tundu la pazia alimwona Bi Wahiba akiongea kwa mikono yote miwili. Alisema sana. Kisha wageni wakatoka, wakashika njia ya kituo cha basi, yule mkubwa kichwa kimeinama.

Uani, Tekla alikuwa akikisugua kile kikombe kwa majivu.

"Nimefanya ulivyotaka?"

"Umefanya vizuri sana, mwanangu."

"Yule mama amenionea huruma."

"Huruma ya nini?"

"Sijui." Tekla aligeuza kikombe akaanza kukisugua upya. "Mtu anayetafuta mke hamtazami msichana vile. Ametazama kama mtu aliyetumwa dawa akakuta chupa tupu."

Auleria alimwacha hapo na kikombe chake. Alirudi mbele, na hapo mlangoni alikuwepo Bi Wahiba mwenyewe, amejitanda buibui yake haraka haraka, anahema.

"Mama Tekla wee! Nimekusemea mpaka ulimi umekauka. Binti mpole, hana makuu, hajui njia ya mjini, ukimwambia kaa anakaa, ukimsahau hapo alipokaa utamkuta kesho. Lakini watu wa kwenu nyie wakoje? Kila nikimsifu mtoto, yule mnene uso unamwanguka. Mwishowe nikamwuliza, kwani bwana harusi mwenyewe ni nani, wataka mke wa namna gani? Akashangaa. Bwana harusi yupi, anasema, sie tumetoka hospitali, twawapitia nyumbani wasichana walioomba kujifunza unesi."

Auleria alishika mwimo wa mlango.

"Nikasema, Mungu wangu!" Bi Wahiba alishusha sauti. "Nikataka kumrudia, nimwambie ngoja nianze tena. Keshaaga. Amesema mwalimu alimwelezea binti mwingine kabisa, na huyo wangemchukua. Huyu asiyejua anataka nini ndiye atakayetoroka akimwona mgonjwa wa kwanza."

"Wamekwenda?"

"Wapo kituoni, wanangoja basi." Bi Wahiba alichungulia nyuma ya bega la Auleria, kuelekea uani, kisha akamsogelea karibu zaidi. "Sasa sikiliza, shoga yangu. Wewe huo unesi hukuutaka. Labda Mola amekuamulia. Mtoto anajua amekuja shangazi wa mchumba. Mie mdomo wangu huu nitaufunga, wallahi, hata kwa Hashil silisemi. Hapana atakayejua."

Hapana atakayejua. Auleria aliyasikia maneno yale yakiingia ndani yake na kutafuta mahali pa kukaa. Yakapata. Hakuhitaji kufanya lolote. Angekaa tu kwenye kiti chake. Basi lingekuja, lingewachukua wale, na wiki ijayo shangazi wa kweli angekuja kunywa maji yake. Tekla angeolewa. Angelia kidogo, kama wasichana wote wanavyolia. Wala asingejua kamwe kwamba siku moja, Jumamosi, waliketi chumbani kwao watu waliokuja kumfungulia mlango, wakamwuliza wataka nini, na mama yake akakohoa.

Uani sauti ya majivu kwenye bati ilikuwa bado inaendelea. Kikombe kile kilikwisha takata zamani.

Auleria aliikumbuka rubisi. Hakukumbuka sura ya baba mdogo, wala ya sista. Alikumbuka harufu ya rubisi, na mama yake akikipima kile kibao juu ya mdomo wa mtungi, akikizungusha kidogo, akiridhika kwamba kinaenea.

"Mama Tekla? Wanitisha sasa."

Alikuwa amekwisha kumpita. Alitoka na kanga moja begani, miguu mitupu, mchanga ukimchoma nyayo, akikata njia katikati ya wanawake waliokuwa na ndoo zao bombani. Wakanyamaza mpaka apite.

Kituoni watu walikuwa wengi. Aliwaona wageni wake chini ya mwavuli mmoja. Na kando yao, kikapu miguuni, alikuwa Yuliana, kiongozi wa akina mama parokiani, ambaye ulimi wake ndio uliomnyang'anya yule fundi cherehani wateja. Kwa mbali, vumbi la basi lilikuwa limeanza kuinuka.

"Mama Tekla!" alisema Yuliana. "Unakimbizwa na nyuki?"

Auleria alimpita. Alimshika Genoveva mkono, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mgeni.

"Mama, nilisema uongo."

"Uongo gani, mama? Pumzika kwanza."

Auleria alijaribu kumvuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, chini mno.

"Sikusikii, mama. Watu wanapiga kelele."

Basi lilikuwa linakaribia. Yuliana alikuwa amegeuza kichwa kizima, sikio limekaa tayari kama mkono wa mtu anayepokea sadaka. Auleria aliona kwamba hakuna njia ya kulisema polepole.

"Ana makuu!" alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Binti yangu! Ana makuu, anayo tangu mdogo! Mtoto wa jirani alipoangukia jiko sisi watu wazima tulipiga mayowe, yeye ndiye aliyemshika na kumtia maji, na hakutetemeka. Damu haiogopi, mimi ndiye ninayeiogopa. Ameniambia hataki kuwa nesi wa kushika taa. Anataka siku moja awe yule anayeamuru taa iletwe. Nilimpiga kwa neno hilo. Ana makuu, mama, makuu yake hata mimi mzazi wake yananitisha!"

 Mtu mmoja alicheka, akaacha.

"Makubwa haya," alisema Yuliana kwa utulivu mkubwa.

Genoveva hakucheka. "Na kwa nini hukumwacha aseme mwenyewe?"

"Nilidhani mmetoka kwa mchumba wake."

"Na kama tungekuwa tumetoka kwa mchumba?"

Auleria aligeuza macho kwenye lile basi.

Basi likafika, likasimama kwa mlio. Watu wakasukumana. "Dada Genoveva," aliita yule kijana, mwavuli umefungwa, mguu mmoja ngazini. "Basi!" Genoveva alitazama basi, akamtazama Auleria, na hakuna aliyejua angefanya nini, hata yeye labda. Ndipo Bi Wahiba alipoonekana njiani, buibui imempepea nyuma kama tanga, ule mdomo wake aliouapia umeshindwa kufungika hata kwa nusu saa. Na mbele yake, akikimbia, Tekla, mikono bado ina majivu.

Alifika. Aliona watu, akamwona mama yake miguu mitupu, akamwona mgeni. Kwa mazoea magoti yake yakaanza kukunjika, pale pale kwenye vumbi.

Auleria alimdaka chini ya kwapa.

"Simama."

"Mama?"

"Simama, mwanangu. Hawa wametoka hospitali. Sema unalolitaka."

 Alimtazama mama yake kwa namna ambayo Auleria angeikumbuka mpaka uzeeni, maana ilikuwa na furaha na hasira pamoja, na hasira ilitangulia. Kisha akageuka.

"Uliniuliza," alimwambia yule kijana aliyekuwa ngazini, "mkubwa wangu akinifokea mbele ya watu na kosa si langu, nitafanya nini." Alikuwa amesimama wima sasa. "Kwanza nitamaliza kumhudumia mgonjwa. Kisha nitamfuata nimwambie kosa si langu."

"Jibu hilo ulikuwa nalo tangu kule nyumbani?" aliuliza Genoveva.

"Nilikuwa nalo."

"Tunaondoka!" alipiga kelele kondakta. "Mama, unapanda hupandi?"

"Liende," alisema Genoveva.

Likaenda, na yule kijana akaruka chini akikunja uso, maana basi la pili Jumamosi ni la kungojwa na mwenye subira. Genoveva alimwuliza Tekla maswali mengine, wakiwa wamesimama juani, na Tekla aliyajibu yote mwenyewe. Mengine aliyajibu vibaya. Mama yake aliuma ukingo wa kanga ili asikohoe.

"Jumatatu asubuhi uje," alisema Genoveva mwishowe. "Sikuahidi kitu. Kuna daktari, kuna matroni Mzungu, nao watataka kukuona." Akamtazama kidogo. "Wala hao usiwapigie magoti."

Njiani kurudi, Tekla alitembea mbele na mama nyuma. Walipofika mlangoni msichana alisema, bila kugeuka, "Miguu yako imeungua, mama. Nitakuletea maji." Hilo tu.

Jumapili kanisani neno lilikuwa limekwisha kufika kabla yao. Auleria alilisikia mgongoni wakati wa komunyo, hata bila kusemwa. Alilijua kwa jinsi vitambaa vya kichwa vilivyoinamiana. Revelian alinuna, si kwa sababu ya unesi, bali kwa kuwa hakujua atawaambia nini wanaume wenzake. Auleria hakulala vizuri, na aliendelea kutolala vizuri hata baada ya Tekla kukubaliwa na kuhamia kwenye bweni la wanafunzi na sanduku lile lile la bati. Aliogopa wagonjwa, aliogopa madaktari, aliogopa barabara ya kwenda huko. Hofu haikumtoka. Ilibadili tu mahali pa kukaa.

Shangazi wa Audax alikuja hatimaye, siku ambayo hakuna aliyekuwa akimngoja tena. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye macho ya kupima. Alisimama kizingitini akasema jua ni kali, anaomba maji ya kunywa.

Auleria alimletea mwenyewe, akiwa amesimama.

Shangazi alipokea kikombe, akatazama nyuma ya bega lake. "Na binti?"

"Yuko hospitali."

"Pole. Anaumwa?"

"Haumwi. Anajifunza unesi."

Shangazi hakunywa. "Sisi tuliambiwa hana makuu."

"Waliowaambia waliambiwa na mimi," alisema Auleria. "Anayo."

Nje, wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo walipunguza mwendo. Shangazi alizungusha maji kidogo ndani ya kikombe, akiyaangalia.

"Mengi?"

"Mengi," alisema Auleria, akaketi.

 Shangazi akaketi naye, akayanywa yale maji yote, akamrudishia kikombe.

"Niongezee kidogo," alisema. "Halafu nieleze vizuri."